Ukiona ufizi wa mtoto umegeuka kijivu, usingoje kesho



Katika mikutano ya wazazi nasikia neno hili mara kwa mara: "Mwalimu, mtoto wangu akisugua meno anatoka damu, basi nimemkataza kusugua mpaka apone." Wengine wanaitikia kwa kichwa, maana nyumbani kwao wanafanya vilevile. Ni jambo la kueleweka. Mahali panapotoka damu tumezoea kupaacha papumzike. Lakini kwa fizi, yaani ile nyama inayozunguka meno, kuacha kusugua ni sawa na kuacha kufagia nyumba kwa sababu vumbi limekuwa jingi.

Tuanze na vumbi lenyewe. Asubuhi kabla ya kunawa, pitisha ukucha juu ya jino, karibu na nyama. Kile kitu cheupe na laini kinachobaki kwenye ukucha ni ukoga. Wengi wanafikiri ni mabaki ya bugali ya jana. Mabaki yamo, lakini sehemu kubwa ni vidudu hai, bakteria, wale tunaowaita mikrobe. Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 700 za bakteria katika midomo ya watu. Wa kwanza kuwaona alikuwa Mholanzi muuza vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek. Mwaka 1683 aliweka ukoga wa meno yake chini ya lenzi aliyoitengeneza mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikicheza. Na mtu huyo alikuwa akisugua meno kwa chumvi kila asubuhi! Fikirini waliokuwa hawasugui.

Wengi wa bakteria hao hawana ubaya, wanaishi kwetu kama wapangaji watulivu. Shida inaanza ukoga ukiachwa. Siku zinavyopita unakuwa mgumu kama jiwe, rangi ya manjano au kahawia, na burosi haiwezi tena kuutoa. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu ukiguswa. Hapo ugonjwa bado ni mdogo na unarudi nyuma kabisa ukisafishwa vizuri. Ukiendelea kuachwa, ufizi unaachana na jino, unafanyika mfuko mdogo kati yao, na ndani ya mfuko huo hewa haiingii. Mahali pasipo hewa ndipo wabaya wanapopenda kukaa.

Majina yao ni marefu, nami sitawapa mtihani. Mwaka 1998 watafiti wa Boston, Marekani, waliwapanga bakteria wa fizi katika makundi ya rangi, na watatu wakawekwa katika kundi jekundu kwa sababu wanaonekana pamoja pale ambapo ugonjwa ni mkali: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Huyu wa tatu ana umbo la kujisokota kama parafujo, na anatembea kwa kujizungusha hivyohivyo. Lakini wa kwanza ndiye ninayetaka mmkumbuke, kwa sababu ya chakula chake. Anahitaji madini ya chuma, na anayapata katika damu. Ufizi unaotoka damu ni meza iliyoandaliwa kwa ajili yake. Sasa mnaona kwa nini kumkataza mtoto kusugua hakusaidii: ukoga unabaki, damu inaendelea, na mgeni asiyealikwa anaendelea kula.

Kwa mtu mzima ugonjwa huu unakwenda polepole, mara nyingi bila maumivu, na hiyo ndiyo hila yake. Mwili unapigana na mikrobe, na katika vita hivyo mfupa unaoshika jino unaliwa pia. Mfupa huo haurudi wenyewe. Meno yanaonekana kuwa marefu, yanaanza kutikisika, kisha siku moja unauma muhindi wa kuchoma na jino linabaki kwenye muhindi. OMS inakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Si ugonjwa wa wazee peke yao. Kuna bakteria mwingine, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, ambaye tawi lake moja linawapata vijana wa shule wa Afrika ya Kaskazini na ya Magharibi, na utafiti uliofanywa Moroko na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba vijana wenye tawi hilo wako katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na tano akisema jino lake la mbele linacheza, msimcheke.

Wamama wenye mimba, neno lenu nalo. Kuna wanaosema kila mtoto anaondoka na jino moja la mama yake, kwamba mtoto tumboni ananyonya meno. Hapana. Homoni za mimba zinafanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa urahisi, na kuna bakteria, Prevotella intermedia, anayeongezeka kwa homoni hizohizo. Mama akiona damu anaacha kusugua, anaongeza vitu vya sukari kwa sababu ya kichefuchefu, na baada ya mimba tano meno manne hayapo. Mtoto hakunyonya kitu. Na mwenye ugonjwa wa sukari ajue kwamba fizi mbovu zinaifanya sukari iwe ngumu kutulizwa, na sukari isiyotulia inazidi kuharibu fizi.

Hayo ya watu wazima nayapita upesi, kwa sababu kuna jambo la watoto wadogo ambalo halikwendi polepole hata kidogo.

Linaitwa noma. Vijana wetu wanalitumia neno hilo kwa kusema jambo ni hatari, wakiliiga kutoka kwa nyimbo za Tanzania. Hili la ugonjwa ni neno jingine, la Kigiriki, lenye maana ya kula kama mnyama malishoni. Kwa bahati mbaya maana hizo mbili zimekutana. Noma inaanza na kidonda kidogo katika ufizi wa mtoto, mara nyingi wa miaka 2 hadi 6. Katika siku chache shavu linavimba. Kisha doa jeusi linatokea usoni, nyama inaoza, tundu linafunguka mpaka meno na mfupa vinaonekana kutoka nje. Bila matibabu, watoto hadi 9 kati ya 10 wanakufa. Anayepona anabaki na uso uliovunjika, pengine mdomo haufunguki tena vizuri, chakula na maneno vinapita kwa shida.

Ni mikrobe gani huyo mkali kiasi hicho? Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Bakteria wanaokutwa katika noma ni jamaa za walewale wa ukoga: Fusobacterium, Prevotella, na wale wa kujisokota. Wengi wanaishi katika midomo ya watu wazima bila kuua mtu. Ndiyo maana noma haiambukizi, na mtoto mwenye noma hapaswi kufichwa chumbani wala kutengwa na ndugu zake. Kinachobadilika ni mwili wa mtoto. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa, aliyetoka kuugua surua au malaria, au mwenye virusi vya UKIMWI, hana askari wa kulinda mlango. Wapangaji watulivu wanageuka kuwa wanyang'anyi.

Surua inastahili kusemwa peke yake. Inafanya vidonda mdomoni, mtoto anakataa kula, na vitamini A inamwishia mwilini. Kisha, hata baada ya vipele kuondoka, inaacha kinga ya mwili imelegea kwa miezi mingi. Mama anasema "amepona," kumbe ule ndio wakati wa kumwangalia zaidi. Nchi yetu inaijua surua. Katika wimbi lililoanza mwaka 2019, watu zaidi ya 300,000 walihesabiwa kuwa nayo katika Kongo nzima, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati huo dunia ilikuwa inazungumza Ebola.

Na hapa Kanyaruchinya? Hamhitaji mwalimu awakumbushe. Mwishoni mwa 2022 maelfu kwa maelfu ya jamaa walifika kutoka Rutshuru na Kibumba na kutandika maturubai juu ya mawe meusi ya lava. Kipindupindu kikafika, surua ikafika, chakula kikawa kidogo na maji yakawa ya kupanga foleni na bidoni. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa, wengine wakarudi makwao kukuta mashamba yamekuwa pori, wengine wamebaki katika viwanja vya jirani, nyumba moja jamaa tatu. Njaa, surua, maji haba, watu kubanana: kila kitu ambacho noma inakitafuta kimepita mbele ya milango yetu. Nayo inawachukua watoto wa nyumba ambazo hakuna anayezitembelea.

Wasiwaambie kwamba ni ugonjwa wa damu ya Kiafrika. Zamani noma ilikuwepo Ulaya, na madaktari wa huko waliiandika kwa mamia ya miaka. Iliondoka watoto wa Ulaya walipoanza kula vizuri na kuishi katika usafi, hata kabla dawa za antibiotiki hazijapatikana. Kisha ikarudi mara moja katika makambi ya Wanazi, Auschwitz na Bergen-Belsen, ambako watu waliwekwa na njaa kwa makusudi. Palipo na njaa na surua inarudi, rangi ya mtoto iwe yoyote. Wala si uchawi, wala si laana ya shangazi aliyekosana na baba.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu haukuwa hata katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ulisahauliwa na orodha ya waliosahauliwa! Serikali ya Nigeria ilisimamia ombi, na tarehe 15 Desemba 2023 OMS ikauingiza katika orodha hiyo. Katika kazi hiyo sauti za waliopona zilisikika. Mulikat Okanlawon wa Nigeria aliugua akiwa mtoto, akapasuliwa katika hospitali ya noma ya Sokoto, na baadaye akafanya kazi hapohapo akiwapokea wagonjwa. Fidel Strub, mzaliwa wa Burkina Faso, aliugua akiwa na miaka kama mitatu. Pamoja walianzisha chama cha waliopona noma, Elysium. Nawataja kwa sababu wamama wengi wanaona haya kutoka na mtoto mwenye uso ulioharibika. Hao wawili wamesimama na nyuso zao mbele ya wakubwa wa dunia.

Sasa kazi ya mikono. Mtoto akiwa ametoka surua, au amekonda, au amekuwa na homa ndefu, mpeleke mlangoni penye mwanga wa jua. Nawa mikono. Inua mdomo wa juu kwa kidole, kisha shusha wa chini, kisha vuta shavu taratibu utazame mpaka meno ya nyuma. Ufizi mzima una rangi moja na umeshika jino vizuri. Ukiona damu inatoka yenyewe bila kuguswa, ukiona kidonda, ukiona ncha za ufizi kati ya meno zimeliwa na juu yake pana utando wa kijivu, umekwisha kupata jibu. Pua nayo inasaidia. Harufu ya mdomo wa asubuhi tunaijua sote. Ile ya ufizi unaooza ni kali, inakaa mchana kutwa, na unaisikia mtoto akiwa bado hajafungua mdomo. Darasani nimeona watoto wakisogea mwisho wa benchi kumkimbia mwenzao mwenye harufu hiyo, wakicheka. Watoto wanasikia harufu kabla yetu. Badala ya kuwagombeza tu kwa kucheka, mwalimu amwangalie yule anayekimbiwa. Dalili nyingine: mate mengi, kukataa chakula ghafla, shavu moja kuwa kubwa kuliko jingine.

Shavu likivimba siyo wakati wa kungoja siku ya soko. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ukifika usiseme tu "anaumwa jino." Sema: "Alikuwa na surua mwezi uliopita, ufizi una kidonda cha kijivu, unanuka, shavu limeanza kuvimba jana." Muuguzi akisikia maneno hayo anajua hana siku za kupoteza. Ugonjwa ukikamatwa ukiwa bado kwenye ufizi, matibabu si ya ajabu: antibiotiki, kama amoksisilini pamoja na metronidazoli, kusafisha mdomo kwa dawa au kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, na chakula cha kumrudishia nguvu. Mtoto anapona bila alama. Doa jeusi likishafika, maisha bado yanaweza kuokolewa, lakini uso utahitaji wapasuaji, na wapasuaji wa kazi hiyo ni wachache na wako mbali.

Tafadhali, dawa hizo zisinunuliwe vidonge viwili viwili kwenye farmasi ya kona, kimoja cha mtoto na kimoja cha dada yake. Kipimo kinafuata kilo za mtoto, na dawa iliyokatwa katikati inawafundisha mikrobe kupigana nayo. Wala usipake makala, wala majani yaliyosagwa, wala usikubali jino ling'olewe juu ya ufizi unaooza.

Kwa kuwa nimefika kwenye mambo ya kung'oa, niseme na lile ambalo halisemwi sana hadharani. Mtoto mchanga akihara au akiwa na homa, kuna watu wanaofungua mdomo wake, wanaona fizi zimevimba kidogo pale chini, wanasema ni "meno mabaya," kisha wanayakwangua kwa kisu au sindano ya baiskeli. Tanzania wanayaita meno ya plastiki, Uganda ebinyo. Kinachotolewa pale ni mbegu ya jino la kweli, laini na jeupe kwa sababu bado halijakomaa. Mtoto anapoteza damu, anapata kidonda wazi kwa chombo kichafu, na kuhara kwake kunaendelea kwa sababu hakukutoka kwenye meno. Mwenye kuhara anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya. Nina hasira na jambo hili, mnisamehe.

Turudi kwenye burosi. Najua bidoni ya maji inabebwa mgongoni, na dawa ya meno inashindana na chumvi ya mboga. Kusafisha mdomo kunahitaji nusu ya kikombe cha maji, si zaidi. Kijiti kilichotafunwa mpaka kikawa kama brashi kinafaa. OMS yenyewe ilikikubali kijiti cha mswaki tangu 1986. Sugua polepole pale jino linapokutana na nyama, ndani na nje, hasa jioni kabla ya kulala. Mchanga wa lava na unga wa makala viacheni, vinakwangua jino. Kila mtu na burosi yake. Damu ikitoka siku za kwanza, endelea kwa upole. Katika wiki moja au mbili inapungua. Isipopungua, kaonyeshe.

Mtoto mdogo mdomo unalindwa pia na kile kinachoingia ndani yake: maziwa ya mama, uji wa masoso, maharage, sombe na lengalenga zenye mawese, sambaza zikipatikana. Na chanjo ya surua, ambayo inaanza akiwa na miezi tisa. Kama karatasi ya chanjo ilipotea katika kukimbia, nenda hivyohivyo, ueleze.

Nimeulizwa pia juu ya madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu wengi, kama nayo ni ya mikrobe. Hayo ni mengine. Maji ya upande wa volkano zetu yana fluoridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanafanyika ndani ya ufizi, yanatoka yakiwa na madoa. Kusugua kwa nguvu hakuyatoi. Mtoto mwenye madoa anaweza kuwa na fizi nzuri kabisa, na mwenye meno meupe kama maziwa anaweza kuwa na ufizi unaooza nyuma. Kwa hiyo tazameni nyama, msitazame rangi ya jino.

Siku ya kupima watoto, muuguzi anazungusha mkononi kile kitepe cha kijani, manjano na nyekundu. Kitepe kikisimama kwenye manjano au nyekundu, mwombe kabla hujashuka foleni atazame na mdomo pia. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga mtoto mgongoni. Viongozi wa vikundi vya akiba wanaweza kufanya vilevile siku ya mkutano, watoto wakiwa pamoja: mwanga wa jua, mikono iliyonawiwa, mdomo mmoja baada ya mwingine, na atakayeonekana na kidonda asindikizwe na mama wawili kituoni siku hiyohiyo, wa pili akibaki na wale wadogo nje.